Masaa Kumi na Saba ya Mstari Ulionyooka

Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019. Baridi tangu jana, manyunyu yanagandia kwenye vioo vya magari. Mawingu yako chini sana. Ndege unazisikia kwanza, ndipo unaziona.

Hayo niliyaandika asubuhi ile kabla simu haijaita. Huwa naanza na hali ya hewa kwa sababu hapo siwezi kukosea sana. Mengine nayaandika sasa, mwaka umepita na zaidi, na kuna mahali sijui kama nakumbuka nilichosikia mwenyewe au nilichosimuliwa baadaye. Nikifika hapo nitasema.

Tulikuwa tunakaa Euless, Texas, jirani na uwanja wa ndege wa Dallas, ghorofa ya pili. Kazi yangu ilikuwa kwenye jiko linalotengeneza chakula cha ndege. Sipiki, napanga. Trei inakuja kwenye mkanda, naweka mkate, siagi, uma, kikombe, inapita, inakuja nyingine. Mle ndani safari hatuzijui kwa maili, tunazijua kwa milo. Ndege ya Houston inapewa vinywaji na biskuti. Inayovuka bahari inapewa milo miwili na kitafunwa katikati. Kwa hiyo mtu angeniuliza Tanzania ni mbali kiasi gani, ningemjibu: milo miwili na kitafunwa, ushuke, ungoje, halafu ndege nyingine na mlo mwingine, na hapo bado hujafika. Lakini hakuna aliyeniuliza namna hiyo.

Mama mkwe wangu alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, kulekule tulikotoka sisi. Mwezi wa kumi na mbili miguu ilianza kuvimba. Januari akaacha kula, akawa anakunywa uji wa vijiko viwili na kugeukia ukuta. Wavulana wake wako kule. Binti zake wawili wote wako Texas: mkubwa yuko Houston, masaa manne hivi kwa gari kutoka kwetu, anafanya kazi hotelini, mdogo ndiye mke wangu. Kwetu mama huoshwa na binti yake. Binti akimaliza kumwosha ndiye anayemfunga kitambaa kichwani, na mtu mwingine hagusi kile kichwa. Mama aliyezaa binti wawili akaoshwa na wake za watoto wake, watu hawasemi kitu, lakini wanajua.

Dada mkubwa hati yake ya kusafiria ilikuwa haijatoka. Ya mke wangu ilikuwa imetoka. Kwa hiyo ilikuwa ni yeye, na tiketi ikapatikana ya Ijumaa usiku.

Alhamisi usiku kaka wa mke wangu alipiga kwa video kutoka kambini. Kule kulikuwa kunapambazuka, jogoo wanasikika. Akaniuliza, "Shemeji, huko mpaka huku ni masaa mangapi?"

Sikujua. Nilimwita binti yetu mkubwa, wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne, aangalie kwenye kompyuta ya shule. Aliandika uwanja wetu, akaandika Kigoma, maana ndio uwanja ulio karibu na kambi. Ukaja ukurasa wenye ramani, na juu yake mstari umetoka Texas, umepinda kidogo juu ya bahari, umeingia Afrika. Maili elfu nane na mia tano na kitu. Masaa kumi na saba. Mtoto aliisoma kwa Kiingereza, mimi nikageuza.

"Kumi na saba?" Shemeji alicheka. "Hayo hayafiki hata ya basi la Dar! Kutoka hapa Kasulu mpaka Dar unakaa mpaka makalio yanakufa. Kumbe Amerika iko jirani, na miaka yote hii mnatudanganya kwamba ni mbali!"

Mtu mwingine akasema nyuma yake, "Waambie basi wawe wanakuja Jumapili kula, warudi Jumatatu kazini."

Tulicheka sote. Mke wangu pia, ambaye wiki nzima hakuwa amecheka. Inasemekana hata mama mkwe alitabasamu kitandani, lakini hilo sikuliona, niliambiwa.

Nafikiri nilisema kwamba kuna kubadilisha ndege. Mke wangu anakumbuka nililisema. Binti yangu anakumbuka kwamba mtandao ulikatika. Labda wote wawili wako sawa, nilisema na ulikatika.

Na ukurasa wenyewe sitausingizia. Uliulizwa kutoka uwanja huu mpaka uwanja ule, ukajibu, kana kwamba kuna ndege inayoinuka hapa na kushuka Kigoma bila kugusa chini. Ndege hiyo haipo. Safari ya mke wangu ilikuwa hivi: Dallas mpaka Doha usiku kucha na nusu ya siku, kukaa Doha mpaka usiku mwingine, Doha mpaka Dar es Salaam, kulala Dar, kwa sababu ndege ndogo ya Kigoma Jumapili hakuna, Jumatatu asubuhi Kigoma, halafu gari mpaka Kasulu, kibali cha kuingia kambini, na gari tena. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi ya tiketi, isipokuwa magari na kibali. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunayajua. Wa kule walikuwa na namba moja tu, nayo ilikuwa ya kufurahisha.

Ijumaa nilimpeleka. Kutoka kwetu mpaka uwanjani ni karibu sana, mnafika kabla gari halijapata joto. Begi lake lilikuwa na dawa, sabuni, nguo za watoto wa kaka zake, na kitambaa cheupe kipya cha kichwa. Alikikunja mwenyewe akakiweka katikati ya nguo zake. Alikuwa anaenda kumwona mama akiwa hai, hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema, na kuhusu kitambaa hakuna aliyesema kitu. Mlangoni aliniambia, "Watoto wasile mikate tu." Nikamwambia, "Ukifika Doha piga." Hivyo tu ndivyo tulivyoagana.

Niliporudi nilimtumia shemeji ujumbe: Ameondoka saa mbili usiku.

Jumamosi alfajiri ndipo simu ilipoita. Nilikuwa nimeshaamka, nimeshaangalia nje, nimeshaandika yale ya manyunyu. Kule ilikuwa alasiri. Shemeji alikuwa analia, na nyuma yake wanawake wanalia, kwa hiyo nilijua kabla hajasema. Akasema, "Mama ametuacha." Halafu, hata sijampa pole, akauliza, "Yeye yuko wapi? Mbona hafiki?"

Sikumwelewa. Ilibidi aeleze, na akieleza analia.

Walikuwa wamehesabu. Walichukua saa mbili ya usiku kama ni saa mbili ya kwao, wakaongeza kumi na saba, wakapata saa saba mchana. Saa mbili yetu ya usiku kwao ilikuwa tayari alfajiri ya Jumamosi, lakini nani angewaambia? Mimi niliandika saa mbili tu. Asubuhi walimwambia mgonjwa: binti yako anafika leo saa saba. Akaomba abadilishiwe shuka. Akaomba ainuliwe, awekewe mito mgongoni, atazame mlango. Wakamtuma mtu asimame barabarani kwenye geti. Saa saba ikafika. Akauliza, "Amefika wapi?" Wakasema yuko karibu. Saa nane akauliza tena, wakasema yuko karibu. Baadaye hakuuliza, lakini macho yalikuwa palepale mlangoni. Saa tisa ikawa basi.

"Yuko wapi, shemeji?" akauliza tena.

Binti yangu alikuwa ameniwekea kwenye simu ile ramani inayoonyesha ndege zilizo hewani. Nilifungua. Kulikuwa na kindege kidogo cha njano, na ukikigusa kinakwambia kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

"Yuko juu ya Ulaya," nikasema.

"Ulaya?" Akaacha kulia. "Ulaya anafanya nini?"

Nikaanza kueleza mambo ya Doha, ya Dar, ya Jumatatu. Nilisikia mwenyewe namna maneno yalivyokuwa mabaya. Mtu amefiwa, na mimi namsomea ratiba. Yeye akasema tu, "Lakini masaa yamekwisha." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefika mahali akakuta mlango umefungwa.

Kisha simu ikachukuliwa na baba mdogo wa mke wangu, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki kule. Mzee yule haongei sana.

"Bon, sawa, mkwe," alisema. "Maneno mengine baadaye. Nijibu moja. Mtoto anafika lini? Si kwa kompyuta. Kwa miguu yake, hapa, mlangoni."

Nilihesabu siku kwa vidole. Akaendelea, "Unajua hapa petu. Mwili haukai. Leo tunaweza kulala naye, na kesho tukamngoja mtoto mpaka jua lizame, kwa shida. Ukiniambia kesho, tutangoja, na hakuna mwanamke atakayemgusa mama yake. Ukiniambia kesho kutwa, siwezi."

Nikamsikia shemeji akisema pembeni, sauti ya chini lakini niliisikia, "Sema kesho, shemeji. Kesho si atakanyaga Tanzania? Sema kesho tu."

Ilikuwa kweli. Kesho asubuhi angekanyaga Tanzania. Neno lenyewe lisingekuwa uongo. Lakini mzee alikuwa ameuliza kwa miguu yake, mlangoni, na hilo mlangoni ndilo lililonishinda. Nikasema, "Baba, ni Jumatatu jioni. Hiyo ni kama kila kitu kitakwenda vizuri."

Alishusha pumzi. "Umesema vizuri," akasema. "Basi tutazika kesho asubuhi. Wake za wanangu watamwosha."

Simu ikakatika, au aliikata. Nilikaa na ile ramani. Kindege kilikuwa kimesogea upana wa kucha. Mke wangu alikuwa mle ndani, labda amelala, labda wanagawa kile kitafunwa cha katikati, na sisi wote duniani tulikuwa tunajua kasoro yeye.

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chao na blanketi mabegani. Anaelewa Kiswahili chote, ila anajibu kwa Kiingereza. Aliniuliza kama alikosea, kama alitakiwa kuandika uwanja mwingine. Nikamwambia hapana, uliandika nilichokwambia uandike. Akauliza, basi nani alikosea? Nikasema sijui. Alingoja kidogo, labda nitaongeza neno, halafu akarudi ndani.

Dada mkubwa nilimpigia asubuhi ileile. Alikuwa kazini. Alitoka hotelini na sare yake, akapita nyumbani kwake kuchukua vitu, akaendesha peke yake kuja kwetu, kwa sababu msiba lazima ukae kwenye nyumba, na nyumba ya msiba ilikuwa yetu. Alifika kabla ya adhuhuri. Wanawake wawili wa kanisani walikuwa wameshasogeza makochi ukutani na kutandika godoro sakafuni. Alikaa, akalia. Wakamwacha alie. Kisha akajifuta uso kwa mkono wa sare na kunigeukia.

"Baba mdogo alikuuliza wewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema Jumatatu."

"Ni Jumatatu, shemeji."

"Ungesema kesho!"

"Kesho atakuwa Dar."

"Dar si Tanzania?" Alipiga godoro kwa kiganja. "Wewe mwanaume, hujawahi kuona watu wanavyongoja? Ungesema kesho, wangengoja mpaka kesho. Kesho jioni ungesema amekwama Dar, anafika asubuhi, wangesema haya, mpaka asubuhi. Watu wanangoja hivyo, kidogokidogo. Siku mbili kwa mkupuo hakuna anayeziweza. Kesho kila mtu anaiweza."

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Dada, muache, amesema ukweli."

"Ukweli nausikia," akasema. "Ukweli ndio umemwosha mama yangu?"

Alichosema ni sawa. Watu wanangoja hivyo, nimewaona kambini, miaka na miaka, kesho mpaka kesho. Mimi mwenyewe nilingoja hivyo mpaka nikafika Texas. Lakini pia kuna joto la kule, na mzee aliuliza kwa uwazi, na ni yeye ambaye angesimama mbele ya mwili ule Jumatatu. Nikiweka upande huu na upande ule, siku nyingine unalemea huu, siku nyingine ule. Dada mkubwa mwenyewe, jioni, aliniletea chai bila kusema kitu. Hiyo pia naiandika, ili isionekane alikuwa mkali tu.

Mke wangu alipiga akiwa Doha. Ilimchukua muda kupata intaneti ya uwanja. Tulikuwa tumekubaliana wote, na ndiyo kawaida yetu, kwamba mtu aliye safarini peke yake haambiwi msiba. Anaambiwa akifika penye watu, wa kumshika mikono. Dada alikuwa ameshapiga simu Dar, watu watatu wa kanisa wangeenda kumpokea. Wanawake wakanyamaza, mmoja akaenda kuzima bomba jikoni. Nikatoka na simu kwenye ngazi za nje, kwenye baridi.

"Nimefika," akasema. "Uwanja una duka la dhahabu humu ndani, ungeona. Mama anaendeleaje?"

Nikasema, "Ukifika Dar kuna watu watakupokea."

Nilikuwa nimelipanga neno hilo tangu asubuhi, nikaona ni zuri, halina uongo. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa kulala peke yake kwenye nyumba ya wageni jirani na uwanja. Hakuna mtu aliyekuwa aje kumpokea, kwa sababu hakukuwa na haja. Na yeye amekulia kulekule nilikokulia mimi, desturi anaijua.

Nilisikia sauti ya uwanja, mwanamke anatangaza safari za watu wengine.

"Wangapi?" akauliza.

"Watatu."

"Watatu," akasema. Halafu, "Lini?"

"Leo. Saa tisa ya kule."

"Saa tisa nilikuwa wapi?"

"Juu ya Ulaya."

"Nilikuwa nimeamka," akasema. "Nilikuwa natazama sinema." Na hapo akaanza kulia. Wakati wote ule mimi nilisimama kwenye ngazi, nimeshika chuma cha baridi. Huwezi kumshika mtu aliye Doha. Alipotulia aliuliza kitu kimoja tu. "Watanisubiri?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Hapana, mama watoto. Wanazika kesho asubuhi."

"Basi nishuke Dar kufanya nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Tangu alfajiri nilikuwa nahesabu atafika lini. Sikuwa nimejiuliza anafikia nini. Nikasema, "Nenda. Ukalione kaburi." Akasema, "Haya," kama mtu anayemjibu bosi, na akakata.

Kwa kuwa ninataka iwe sawa kwa wote, lazima niandike na hili. Jumatatu haikuwa Jumatatu. Kibali cha kambi kilichelewa, alilala Kasulu, akaingia Jumanne mchana, kaburi limeshapigwa na mvua. Kwa hiyo hata ningesema kesho, na wakangoja kidogokidogo, huenda wasingeweza kungoja mpaka Jumanne. Nilipomwambia dada mkubwa, akasema, "Huenda." Neno hilo lingenipa haki kidogo, lakini sijui niiweke wapi. Mke wangu hajawahi kunilaumu. Alirudi baada ya wiki tatu, akaendelea na kazi, na kile kitambaa alikiacha kule kwa mke wa kaka yake. Nimemwuliza mara moja kama ningepaswa kusema kesho. Akanitazama. "Usiniulize mimi," akasema, "mimi nilikuwa hewani."

Mchana wa Jumamosi ile watu waliendelea kuja, viatu vikajaa mlangoni. Kwenye ile ramani ndege ya mke wangu ilikuwa imetoweka kwa kuwa imetua, na nyingine nyingi zilikuwa zinapita. Niliizima. Wakaimba nyimbo mbili, wakasali, padri hakuweza kufika kwa sababu ya barabara kuteleza, akaongoza mtu mwingine. Watoto wadogo walidhani ni sherehe mpaka dada yao akawaeleza, kwa Kiingereza, chumbani.

Jioni tulikula ugali wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo aliyokuja nayo dada mkubwa kutoka Houston ikiwa imegandishwa, na kuku wa kuoka wa dukani aliyeletwa na jirani wa chini. Wanawake walikula sakafuni, sisi tumesimama jikoni. Sombe haikuwa imeyeyuka vizuri katikati. Watoto walikula kuku na mkate.